Bastola ya Kwanza katika Nyumba ya Mume na Mke

Suali limetufikia katika darasa letu kutoka kwa mume na mke, vijana wa mji huu, ambao riziki imewapeleka Houston, katika jimbo la Texas huko Marekani. Wamekwisha kupata ruhusa ya kukaa huko daima. Jirani yao amevunjiwa mlango usiku, na tangu hapo hawalali vizuri. Wote wawili hawajapata kushika silaha ya moto. Watuuliza: ni bastola gani yawafaa kuanza nayo watu wawili wasiojua kupiga, na je, yajuzu kwa Muislamu kuiweka nyumbani?

Huenda msomaji akasema kuwa suali hili ni la mbali. Hapa Kenya raia hamiliki bastola bila ya cheti kitolewacho kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na wengi wetu hatutakiomba cheti hicho maisha yetu yote. Lakini ni nyumba ngapi za mtaa wetu ambazo hazina mtoto au ndugu ng'ambo? Na ni vitanda vingapi vya mji huu ambavyo havina panga au rungu chini yake? Suali lililo ndani ya suali hili ni letu sote, nalo ni hili: mwenye nyumba akitia ndani ya nyumba yake kitu cha kuua kwa nia ya kuwalinda watu wake, ni nani mwenye haki ya kuamua?

Twaanza na hukumu. Wako wanaosema kuwa mcha Mungu hashiki silaha, amtegemee Mola wake na alale. Hawa wamekosea. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa anayeuawa akitetea mali yake, au nafsi yake, au watu wake, amekufa shahidi. Wala silaha si ya wanaume peke yao. Katika vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Ummu Sulaym alibeba jambia, na alipoulizwa alijibu waziwazi kuwa ni la kumpasua tumbo adui atakayemkaribia. Mtume hakumkemea, bali alicheka. Basi asiambiwe mke wa Houston kuwa jambo hili halimhusu.

Na wako wanaosema kinyume cha hao: kwamba mwanamume asiye na silaha si mwanamume. Hawa nao wamekosea, na kosa lao lina hatari zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), amelieleza jambo la kumkinga mshambuliaji katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana katika darasa za pwani yetu. Ametueleza kuwa kutetea mali ni ruhusa, si wajibu. Bali kutetea heshima ya wanawake wetu ni wajibu. Kisha akapanga ngazi. Mshambuliaji hukingwa kwa kilicho chepesi kwanza. Akiweza kuzuiwa kwa maneno na kwa kuita msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia mjeledi; kwa mjeledi, haramu kutumia fimbo; na kuua ni daraja ya mwisho, pale ambapo hapana lingine lifaalo. Zaidi ya hayo, yule awezaye kuokoka kwa kukimbia, basi na akimbie. Wafafanuzi wameongeza kuwa ngazi hii yaanguka tu pale mapambano yalipokwisha kushikana na hapana nafasi ya kupanga daraja.

Sasa itazameni bastola kwa mizani hiyo. Fimbo yaweza kupiga pole, na panga laweza kuonyeshwa lisikate. Bastola haina kofi. Kila daraja ya chini ya ngazi imo katika ulimi, katika mkono, katika kitasa cha mlango na katika miguu. Bastola iko katika daraja ya mwisho peke yake. Mwenye kuichukua kwanza, huku amelala nusu, katika giza, moyo wamwenda mbio, amezirukia daraja zote kwa pigo moja. Hatusemi kuwa kwa sababu hiyo ni haramu. Twasema kuwa mwenye kuinunua amejitwisha wajibu wa kuziweka yeye mwenyewe daraja zile ambazo silaha yake haina.

Na hapa yafaa tuonye juu ya jambo moja. Sheria ya Texas, katika hali fulani, humruhusu mtu kumpiga risasi mwizi wa usiku anayekimbia na mali. Mahakama ya huko huenda ikamwachia huru. Lakini mwizi aliyegeuza mgongo na kukimbia hashambulii tena, na sisi hatuna idhini ya kuitoa roho ya mwana wa Adamu kwa televisheni. Ruhusa ya serikali ni mpaka wa adhabu ya serikali. Haiwi ngao Siku ya Hesabu.

Baada ya haya, vijana wetu wana haki ya kujibiwa walichouliza. Waanze na sheria. Huko, muuzaji mwenye leseni hawezi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Mgeni mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida amekatazwa kabisa kumiliki silaha ya moto, ila kwa hali chache. Mwenye ukaazi wa kudumu hakukatazwa kwa sababu ya ugeni wake. Basi binamu yao mwanafunzi akija kukaa nao, asiiguse wala asikabidhiwe, na asidanganyike kwa kuona wengine wanazo.

Ama katika kuchagua, watu wengi hudhani kuwa mwanamke yafaa apewe bastola ndogo na nyepesi. Ni kinyume chake. Kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyomrudia mpigaji kwa teke kali, na anayeanza akiumia mkono huogopa, na mwenye kuogopa hufumba macho. Kwa nyumba ya watu wawili, yafaa bastola ya ukubwa wa kati au mkubwa, yenye risasi ya milimita 9, ambayo ndiyo iliyoenea na si vigumu kuipata. Kipimo chake kiwe mkono ulio mdogo zaidi katika ile mikono miwili. Kidole cha mwenye mkono mdogo kifike kwenye kifyatulio bila ya kupinda kiganja, na aweze kuivuta nyuma sehemu ya juu kwa nguvu zake mwenyewe. Ikimfaa huyo, mwenzake mwenye mkono mkubwa ataizoea. Ikimfaa mwenye mkono mkubwa peke yake, nyumba imenunua silaha ya mtu mmoja na kuiita ya wawili.

Rivolva, yenye gurudumu la matundu matano au sita ya risasi, ni nyepesi kufahamika, na ukiifungua waona mara moja kama imejaa au haina kitu. Taabu yake ni kuwa kifyatulio chake ni kizito, na mkono dhaifu hutetemeka. Bastola ya magazini, yaani ile ambayo risasi zake zimo katika kisanduku kiingiacho kishikioni, huvutika kwa wepesi zaidi, lakini ina mtego: ukiitoa magazini, huenda risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Watu wamekufa kwa risasi hiyo moja, na aliyepiga akiapa kuwa haikuwa na kitu. Basi wasinunue kabla ya kujaribu. Viwanja vingi vya shabaha huko hukodisha silaha. Waanze na ile ya risasi ndogo ya .22, ambayo teke lake ni dogo, na wafundishwe na mwalimu wa kazi hiyo. Mume asijifanye mwalimu wa mkewe, kwani wote wawili ni wanafunzi.

Mabingwa wa shabaha wa Marekani, na mashuhuri kati yao ni Jeff Cooper (1920–2006), wameweka kanuni nne: kila silaha ihesabiwe kuwa imejaa, mdomo wake usielekezwe kwa kitu usichokusudia kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na ujue hakika ni nani uliyemlenga na kilicho nyuma yake. Muislamu hataziona ngeni kanuni hizi. Mtume amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake. Amekataza kupeana upanga uliochomolewa alani. Na apitaye na mishale msikitini au sokoni ameamrishwa azishike ncha zake, asimdhuru Muislamu. Adabu ya silaha ni sehemu ya dini yetu kabla ya kuwako baruti katika nchi zetu.

Lakini jibu likiishia hapo litakuwa nusu, kwani tumetazama bastola iliyo mkononi, na bastola ya nyumbani siku nyingi haimo mkononi. Imo chumbani, usiku na mchana, katika furaha na katika ugomvi. Huko Marekani, mwaka 2021, watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto, na 26,328 miongoni mwao walijiua wenyewe. Wataalamu wa California waliwafuatia watu wazima zaidi ya milioni 26 ambao hapo mwanzo hawakuwa na bastola, na mwaka 2020 wakatoa walichokiona: wanaume walionunua bastola walijiua kwa silaha ya moto mara 8 zaidi ya wasionunua, na wanawake mara 35 zaidi; na hatari ilikuwa kubwa kabisa mara tu baada ya kununua. Mwaka 2022 wakatoa habari za wale wasio na bastola wanaokaa na mwenye nayo. Hao waliuawa kwa risasi na mume, mke au mpenzi zaidi ya mara 7 kuliko wale wanaokaa katika nyumba zisizo na bastola, na wengi mno wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Msomaji mwenye akili atasema: hesabu hizi hazithibitishi kuwa bastola ndiyo iliyosababisha, pengine wenye huzuni au ghadhabu ndio wanunuao. Kweli, na wataalamu wenyewe wamelichunga jambo hilo. Lakini jawabu hilo halitupi raha, kwani ni nani kati yetu awezaye kuapa kuwa huzuni na ghadhabu hazitaingia nyumbani mwake? Mume atasema: "Mimi najijua." Anajijua alivyo leo. Hajijui siku atakayofukuzwa kazi, wala hamjui mkewe katika miezi baada ya kujifungua, wakati ambapo baadhi ya wanawake hushikwa na kiza cha moyo wasichoweza kukisema. Mwizi huenda asije miaka yote. Ghadhabu ina ufunguo wa mlango.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Wanazuoni wetu wamesema kuwa madhara huondolewa, na kuwa kuzuia uharibifu hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Mwenye shamba hana ruhusa ya kuchimba katika ardhi yake shimo la kuubomoa ukuta wa jirani. Ikiwa jirani ana haki hiyo juu ya mali isiyo yake, mke hakosi haki hiyo katika chumba alalacho. Bastola ya nyumbani si mali ya aliyeilipia. Ni hatari ya wote wanaokaa nayo, na neno la kwanza ni la yule ambaye itamdhuru kabla ya wengine. Basi mke aulizwe mbali na hofu ya kumuudhi mumewe. Akisema hapana, ni hapana, na mume asimtie haya kwa kumwita mwoga. Vilevile mume akiijua nafsi yake kuwa ina hasira au huzuni, aseme, na kusema huko ndiko uanamume.

Wakikubaliana wote wawili, waichague kwa kipimo tulichotaja, na waifunge katika sanduku la chuma, risasi mbali nayo, ufunguo usijulikane na mtoto. Sheria ya Texas humshitaki amwachiaye mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia silaha iliyojaa. Lakini mzazi hahitaji sheria kumfahamisha hilo. Na wapatane tangu sasa kuwa siku yoyote mmoja wao akisema, "Itolewe humu," itatolewa siku hiyo hiyo, wala hataulizwa sababu.

Wasipokubaliana, hawakuachwa uchi. Mlango madhubuti, taa ya nje, kengele ya hatari, chumba cha ndani chenye kufungika, simu iliyo karibu na jirani ajuaye majina yao: hizi ndizo daraja za chini za ngazi ya Nawawi, na kuzitengeneza ni kumfunga ngamia kabla ya kutawakali. Hata mwenye bastola hazikumwondokea.

Na sisi tulio hapa, tusimalize kusoma tukawacheka watu wa Texas. Ulizeni leo ndani ya nyumba zenu: lile panga la chini ya kitanda, mwenzako alilikubali, au alinyamaza tu?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walioko ng'ambo na walioko hapa, na atuepushe na shari ya nje na shari ya nafsi zetu. Wabillahi taufiki.