NYUMBA YENYE MITIHANI MIWILI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa mwenye afya na Mola wa mgonjwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wanaofuata njia yao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

Ndugu yangu Mwislamu uliyekaa safuni, na wewe mama unayesomewa karatasi hii nyumbani, mcheni Mwenyezi Mungu. Kumcha Mwenyezi Mungu huonekana katika sala, na huonekana pia mlangoni kwa jirani.

KHUTBA YA KWANZA

Zipo nyumba ambazo mtihani haukuja peke yake. Tuchukue mfano. Mama ameugua kansa ya mlango wa kizazi. Na katika watoto wake, mmoja hana nguvu ya miguu tangu kuzaliwa. Miaka yote mama huyu ndiye aliyekuwa miguu ya mtoto. Alimbeba mgongoni kwenda sokoni, alimtoa nje kuota jua, alimwogesha, alimlisha, alimgeuza usiku asipate vidonda. Sasa mama amelala kitandani. Siku aliyolala mama, mtoto naye alilala, kwa sababu miguu yake imeugua.

Kwa hiyo usihesabu mitihani hii kama unavyohesabu magunia, moja na moja mawili. Mmoja umemkamata mwenzake. Baba anakimbia huku na huku kutafuta franka za dawa. Binti wa miaka 13 ameacha masomo. Ndiye anayepika, anayefua nguo za mama, anayembeba mdogo wake. Watu wanapita njiani wanasema, "Maskini, Mungu awasaidie," na wanaendelea na safari zao.

Swali la leo ni hili: nyumba kama hiyo ikiwa karibu nawe, wajibu wako ni nini? Jibu ni fupi. Wajibu wako ni kuchukua sehemu ya kazi yao, na kuendelea kuichukua. Kuzuru mgonjwa ni sunna kubwa, tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa siku ya Kiyama mja ataulizwa kwa nini hakumzuru mgonjwa. Lakini ziara ya nusu saa haiteki maji.

Tutazame kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas. Musa alitoka Misri akikimbia kuuawa. Akafika kwenye maji ya Madyan, mgeni, hana kitu mkononi. Akakuta watu wamejazana wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wanawazuia wanyama wao wasisogee. Akawauliza, mna nini ninyi? Wakamweleza kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kuwa baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Kisha akaondoka akaenda kivulini, akamwomba Mola wake.

Angalia, ndugu yangu. Hii ilikuwa nyumba ambayo mzazi wake hana nguvu tena, na mabinti ndio waliobeba kazi yake. Watu waliokuwa kisimani walikuwa wengi, na kila mmoja aliwaona. Aliyewasaidia ni mgeni mwenye njaa. Tunapata hapa mafunzo matatu:

1. Musa aliuliza. Hakukisia shida yao, hakuwahubiria. Aliuliza neno moja kwa heshima, akasikiliza jibu.

2. Alifanya kazi ile ile waliyoihitaji. Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa maji, naye akanywesha.

3. Alipomaliza alikwenda kivulini. Hakusimama kungoja kusifiwa, wala hakuwafuata kutaka habari zaidi za nyumba yao.

Sasa tujiangalie sisi. Mara nyingi tunaanza na maneno, na maneno mengine yanaua. Wako wanaosema, "Nyumba hii imefanya nini hata ipigwe mara mbili?" Wewe unayesema hivyo, je, Nabii Ayyub (A.S.) alifanya nini? Alipatwa na maradhi na akaondokewa na watu wake, naye alikuwa mja mwema ambaye Mwenyezi Mungu amemsifu kwa subira. Mtihani si cheti cha dhambi.

Wako wabaya zaidi wanaomtazama mtoto mlemavu wakasema, "Huyu ni mulozi, ndiye anayemla mama yake." Audhubillahi! Madaktari wametufundisha sababu zinazojulikana: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au polio, ambayo mwaka 2017 ilionekana hapa hapa Maniema. Na kumsingizia mtoto ulozi ni dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu, na ni kosa mbele ya serikali. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kuwatuhumu watoto ulozi. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo imeweka adhabu. Ukisikia neno hilo kibarazani, usinyamaze.

Wako pia wanaume wanaosikia jina la ugonjwa wa mama wakaanza kumtuhumu mke wao. Sikiliza vizuri, ewe mume. Kansa hii husababishwa na virusi vinavyoitwa papiloma. Ni virusi vya kawaida sana. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, huvipata, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wengine hubaki kimya miaka mingi kabla ya kansa kuonekana. Huwezi kutumia ugonjwa huu kama ushahidi juu ya heshima ya mkeo. Kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne ni katika madhambi makubwa.

Na kuna jambo ambalo mama zetu wanaona haya kuliuliza. Ugonjwa huu humtoa mama damu siku nyingi. Wengine wameacha sala miezi, wakidhani ni hedhi. Katika zama za Mtume (S.A.W.), Fatima binti Abi Hubaysh alimwuliza juu ya damu isiyokatika, akafundishwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Basi mama huyu, zikipita siku zake alizozizoea, ataoga, atajisafisha, atatia udhu kwa kila sala ya faradhi, na atasali. Akishindwa kusimama atasali ameketi, akishindwa atasali amelala ubavu. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu. Msimnyime mgonjwa sala yake. Huenda ndiyo faraja pekee aliyobakiwa nayo.

Tena kansa haiambukizi kwa kukaa pamoja, wala kwa kula pamoja. Msimtengee mama sahani yake wala kikombe chake. Sura ya An-Nur imetuondolea uzito wa kula pamoja na kipofu, kilema na mgonjwa. Keti naye, ule naye sombe yake, na mtoto mlemavu awe pamoja nanyi kwenye jamvi hilo hilo.

Nasema maneno haya na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Sala na salamu zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, baada ya kujua, tutende. Yako mambo ambayo msikiti mmoja na mtaa mmoja vinaweza kuyafanya, hapa Kasuku, kule Mikelenge, na ng'ambo ya mto Alunguli.

La kwanza ni hospitali. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Mama anayetoka damu nje ya siku zake, au baada ya kukoma hedhi, asingoje. Mapema kuna tiba nyingi, baadaye zinapungua. Lakini kansa ikishaenea hutaka mashine ya mionzi, na safari ya mashine hizo ni ndefu. Hata Kampala, ambako taasisi ya kansa ilianzishwa mwaka 1967, mashine yao moja ya mionzi iliharibika mwaka 2016, na Uganda nzima ikakaa bila mashine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kabla familia haijauza kiwanja kwa ajili ya ndege, mtu mwenye akili na utulivu afuatane na baba mpaka kwa daktari, waulize waziwazi: safari hii ni ya kuponya, au ni ya kupunguza maumivu? Itagharimu kiasi gani, kwenda na kurudi na kukaa huko? Baba aliyechanganyikiwa hawezi kuuliza hayo peke yake. Ufuatane naye wewe.

La pili ni maumivu. Wako wanaomwambia mgonjwa avumilie, kwamba kulia ni upungufu wa imani. Hilo si fundisho letu. Nabii Yaakub (A.S.) alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na alikuwa Nabii. Dawa za kutuliza maumivu makali zipo, na mgonjwa ana ruhusa ya kuzitumia kwa agizo la daktari. Jirani zetu Waganda tangu mwaka 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa Uganda, wamekuwa wakiwapa wagonjwa wa kansa morfini ya maji wanywe nyumbani kwao, ili mtu asife akipiga kelele. Familia imwulize daktari kuhusu maumivu, isione haya. Mgonjwa aliyepumzika kidogo anaweza kuzungumza na watoto wake na kumtaja Mola wake.

La tatu ni zamu. Sote tunaijua salongo ya kufagia barabara. Tuwe na salongo ya nyumba ya mgonjwa. Wamama wa msikiti wajigawe siku saba: Jumatatu fulani analeta maji, Jumanne fulani anafua, Jumatano fulani anapika mchele, na hivyo hivyo. Kazi ndogo mkononi mwa watu saba haimchoshi mtu. Kazi hiyo hiyo juu ya binti mmoja inamvunja. Na shabaha ya zamu hii ijulikane: binti yule arudi shuleni. Kama watu saba wanakuja na binti bado yuko jikoni saa za masomo, basi zamu haijafanya kazi yake.

La nne ni mtoto. Wageni wote humwuliza mama hali. Nani anamwuliza mtoto? Vijana wa madrasa, hii ni kazi yenu. Mbebeni, au mwekeni kwenye baiskeli, mumlete darasani. Miguu imelala, ulimi haujalala. Akiweza kuhifadhi sura fupi, ahifadhi. Asiyeweza kusema, akae asikilize. Mnajua Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdallah ibn Umm Maktum, aliyekuja kutaka kujifunza wakati Mtume (S.A.W.) anashughulika na wakubwa wa Makureshi. Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini wa Mtume, na akaachiwa Madina aisimamie Mtume alipokuwa safarini. Na serikali yetu nayo, kwa sheria ya tarehe 3 Mei 2022, imekubali haki za watu wenye ulemavu. Tusiwe nyuma ya sheria, sisi ambao Kitabu kilitutangulia kwa miaka zaidi ya 1,400.

La tano ni mali. Baba aliyekopa kwa ajili ya dawa na hana cha kulipa anaingia katika wale wanaostahiki zaka, kwa fungu la mafukara na maskini, na kwa fungu la wenye madeni. Wenye likelemba wanaweza kumpa zamu yake mapema. Mwenye kujua nyumba kama hii amwambie imamu faraghani, wala tusitangaze jina la mtu mbele ya safu ili tumpe mfuko wa chumvi. Na asiye na franka asijione hana kitu. Sura ya Al-Maun imewaonya wanaosali huku wakiwanyima watu vitu vidogo vya nyumbani. Ndoo ni maun. Kuazima baiskeli ni maun. Nauli ya mtumbwi kwa mtu wa Alunguli anayepeleka mgonjwa ng'ambo ni maun.

Mwisho, ndugu yangu, tazama desturi yetu. Mama huyu akifa leo, kesho matanga yatajaa. Mchele utakuja, makala yatakuja, mbuzi atachinjwa, watu watalala hapo siku tatu. Vitu hivyo vyote vilikuwepo mtaani wakati yeye yuko hai na anavihitaji. Vilikuwa vikingoja jeneza. Na arobaini ikipita, kila mtu amekwenda kwake, mtoto bado hatembei. Basi anza sasa, na ukianza usiweke tarehe ya kuacha. Mama anayekata roho akijua nani atambeba mwanawe kesho, huyo ameondolewa mzigo ambao daktari hana dawa yake.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, na ambao umewaandikia safari uwape mwisho mwema bila maumivu. Walinde watoto wetu wenye ulemavu, uwape wapenzi katika viumbe vyako. Wape nguvu mabinti waliobeba mizigo ya wakubwa. Usitujaalie kuwa kama watu wa kisimani walioona wasisaidie. Walipe kheri wanaoteka maji ya wenzao kisha wakaenda kivulini. Ipe amani Maniema na Kongo yote. Amin.

Simamisheni sala.