Amri Imeondoka, Amana Imebaki

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Mtawala akikataza jambo kwa kuchelea madhara, kisha akaliruhusu, wako wadhaniao kuwa ruhusa yake ni dalili ya kwisha kwa madhara. Dhana hii ni kosa, na yaliyopita zama za maradhi ya korona ni funzo kwa mwenye kuzingatia.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza katika Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa skuli na kuzuiliwa mikutano ya hadhara. Ama misikiti na makanisa, hayakufungwa. Mwezi wa Mei hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na maiti 21, wala haikutangazwa nyingine hata katikati ya mwaka 2021. Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vikuu vikafunguliwa, na tarehe 29 skuli zilizosalia. Watu wakasema, yamekwisha. Nayo hayakwisha, kwani Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu ili kufungua kazi ya chanjo, na Shirika la Afya la Dunia halikuiondoa hali ya dharura ila Mei 2023.

Tazama Kyela, kwenye kichwa cha Ziwa Nyasa. Mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, na kila ng'ambo wako watu wenye jamaa zao ng'ambo ya pili. Malawi ilitangaza hali ya maafa tarehe 20 Machi 2020, ikaweka kikomo cha watu 100 katika mikusanyiko, nyumba za ibada zikiwamo. Upande wa Kyela misikiti ilibaki wazi. Hukumu za serikali mbili zilikhitilafiana, na maradhi ni yale yale.

Katika madhehebu ya Shafii, Ijumaa haisihi ila kwa wanaume arubaini wakaazi wa mahali hapo. Basi upigwe mfano wa msikiti mdogo kando ya ziwa, wamehudhuria thelathini na tisa, na wa arubaini yuko kwake, ana homa na kikohozi. Mlango u wazi, serikali haikukataza, na wenziwe wamemtuma kijana kumwambia: "Njoo, bwana, utimize idadi." Nafsi yamvuta; aona akikaa amewakosesha wote Ijumaa.

Hukumu yake ni kukaa. Maradhi ni udhuru wa kuacha Ijumaa kwa ittifaki ya wanavyuoni. Tena Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu asiukaribie msikiti, kwa udhia wa harufu tu. Ikiwa harufu isiyoua imemzuilia mtu, je, pumzi iwezayo kuua? Basi na asali Adhuhuri kwake, na wale thelathini na tisa wasali Adhuhuri pia. Kukosa Ijumaa kwa udhuru si dhambi. Kuwaambukiza Waislamu kwa kujua ni dhambi.

Atasema msemaji: huku si kuikimbia kadari? Jawabu lilikwisha tolewa. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akapata khabari ya tauni. Akataka shauri, akaazimia kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kuwa anaikimbia kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu vile vile. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume, kuwa nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe, wala aliyemo asitoke kuikimbia.

Serikali ikifunga, na itiiwe katika lisilo maasi. Ikifungua, imeondoa amri yake tu. Amana ya roho za watu imebaki shingoni mwa kila mmoja, naye ataulizwa, wala hatapata udhuru kwa kusema kuwa mlango ulikuwa wazi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awarehemu waliokufa, na awaruzuku Waislamu hadhari pamoja na tawakuli. Amin. Wallahu aalam.