Likizo ya Watoto na Haki ya Jamaa



Kila inapokaribia likizo ya katikati ya mwaka, mashauri huanza katika nyumba zetu za Pwani. Kusi lavuma, shule zakaribia kufungwa, na watoto wauliza: "Safari hii twenda wapi?" Mama ataka Unguja kwa dada yake. Vijana wataka Mombasa. Baba, ambaye ndiye mwenye mfuko, ahesabu vichwa kisha anyamaza. Nyumba ya watu wawili yaweza kukata shauri kwa kikombe kimoja cha chai; nyumba ya watu kumi na mmoja haiwezi.

Jambo hili huonekana dogo, la starehe tu, lisilostahili kuandikiwa makala. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini leo naona kwamba ndani yake mna masuala mawili mazito. La kwanza: ni nani mwenye haki ya kutembelewa nasi? La pili: tukisha kumwendea, vipi tutakaa kwake bila ya kumdhulumu?

Kwanza tuondoe shaka. Starehe ya halali si dhambi. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, kama alivyopokea Abu Daud. Na katika Suratil Ankabut Mwenyezi Mungu atuamrisha tutembee katika ardhi tutazame vipi alivyoanzisha viumbe. Basi mwenye kuwatoa watoto wake wakaona milima na maziwa, wakajua kwamba nchi haiishii pale mnazi unapoishia, hakufanya upuuzi. Shida si kutembea. Shida ni namna tunavyochagua.

Nitatoa mfano wa nyumba yangu mwenyewe, maana anayetaja aibu ya mwenziwe huku akificha yake hakunasihi; amesengenya.

Mwanangu wa pili ni mwalimu. Alipoajiriwa alipelekwa mkoa wa Rukwa, na huko akaoa binti wa Mpui, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Binti alisilimu kwa hiari yake. Baadaye mwanangu alihamishiwa Tanga, wakaja kukaa nasi. Mama wa binti, mjane, alibaki Mpui. Yeye ni Mkatoliki, kama walivyo wengi katika Ufipa, ambako wamishonari waliingia tangu karne ya 19.

Kwa miaka sita, kila likizo ilipokaribia, mkaza mwanangu aliuliza kwa sauti ya chini: "Baba, mwaka huu hatuwezi kwenda kwa mama?" Na kila mwaka tulikwenda kwingine: Lushoto, Pangani, Unguja. Mkubwa wa watoto wake alifika darasa la kwanza hajapata kumwona bibi yake.

Sababu tuliyoitaja ilikuwa umbali. Kutoka Tanga hadi Mpui ni zaidi ya kilomita 1,200, na kweli hiyo si safari ya mchezo. Lakini barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, sasa ina lami. Umbali ulikuwa kisingizio. Sababu ya kweli aliisema mke wangu siku moja jikoni, akidhani mkaza mwana hasikii: "Siwapeleki wajukuu wangu Sumbawanga kwa wachawi." Mimi, mwenye kuhudhuria darsa kila wiki, nilisikia nikanyamaza. Na yule binti naye alisikia akanyamaza.

Ndugu msomaji, tulitazame neno hili. Wafipa husema kwamba jina Sumbawanga ni maneno mawili ya lugha yao: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Maana yake ni "tupa uchawi". Kumbe jina lenyewe ni onyo kwa anayeingia mjini: kama una uchawi wako, uache huko nje! Lakini sikio letu la Pwani, ambalo pia lalijua neno kuwanga, likalishika wanga na kuliangusha sumba. Tumesikia nusu ya jina la mji, na juu ya nusu hiyo tumewahukumu watu wa nchi nzima.

Hatusemi kwamba sihiri haipo. Qur'ani imeitaja katika Suratil Baqara. Lakini aya hiyo hiyo yatufundisha kwamba wenye sihiri hawawezi kumdhuru mtu yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuona mkosi katika vitu na kuacha safari kwa ajili yake ni katika mambo ya shirki. Jee, yule aliyeacha kumtembelea jamaa yake kwa kuogopa jina la mji ana tofauti gani na yule wa zama za Jahiliya aliyeacha safari yake kwa kuwa ndege ameruka upande wa kushoto?

Tena dhana hii haikai barazani tu. Katika sehemu za magharibi na za Ziwa katika nchi yetu, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Maneno ya jikoni kwangu na panga la muuaji havifanani kwa ukubwa, lakini shina lao ni moja, nalo ni dhana. Ndiyo maana katika Suratil Hujurat tumekatazwa dhana nyingi, na katika aya inayofuata tumeambiwa kwamba tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane.

Palikuwa na kisingizio kingine: "Mama huyo si Muislamu." Hiki nacho hakisimami. Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwunge mama yake, naye akamwamrisha amwunge. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa mama mshirikina ana haki kwa binti yake, sisi tulikuwa na ruhusa gani ya kumzuilia mke wa mwana wetu asimwone mama yake?

Basi mwaka wa saba tulikwenda. Tulikodi gari, tukapanda watu wote kumi na mmoja, tukalala njiani mara mbili. Watoto waliona tembo kando ya barabara inayopita katika mbuga ya Mikumi, wakapanda mlima wa Kitonga macho yamewatoka, na walipofika Mbeya wakaanza kutetemeka kwa baridi. Ufipa ni nchi ya juu. Sumbawanga yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita huko si wa kulala na shuka moja.

Hapana shaka nchi ile ni dalili ya uweza wa Muumba. Ni uwanda wa majani uliokaa baina ya maziwa mawili. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na maji yake ni matamu. Mashariki, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ni Ziwa Rukwa, lenye kina kidogo, lisilo na mto wa kutokea, na maji yake yana magadi. Mtu husimama katikati akastaajabu.

Lakini yaliyonistaajabisha zaidi niliyaona uani kwa mkwe wetu. Alitupokea kwa kupiga makofi taratibu, kwa adabu ya kwao. Alikuwa amenunua sufuria mpya, maana alijua kwamba sisi hatuli nguruwe, na hakutaka tuingiwe na shaka juu ya vyombo vyake. Alikuwa amemtafuta Muislamu aje achinje mbuzi. Yeye, asiye wa dini yetu, alikuwa ameuliza mambo yetu yote. Sisi katika miaka sita hatukuwa tumeuliza lake hata moja, ila uchawi.

Usiku wa pili, tukiota moto, aliniambia kwa kucheka: "Mkwe, nami nilionywa. Majirani walisema watu wa Tanga wanafuga majini, na kwamba mtakuja nayo. Nikawaambia, waje nayo tu. Wajukuu wangu si watakuwa katikati?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Kumbe tunavyowasema, ndivyo tunavyosemwa! Sisi twaogopa Sumbawanga, na watu wa bara waogopa Tanga na Pemba. Tofauti ni kwamba mjane yule aliogopeshwa kama sisi, naye akafungua mlango.

Lau makala haya yangeishia hapa yangekuwa mazuri kwangu, lakini hayangekuwa ya kweli. Tulitengeneza kosa moja, tukafanya la pili.

Tulikaa siku tisa. Tuliona raha, na kila tulipotaja kuondoka alituzuia, nasi tukayachukua maneno ya adabu kuwa ndiyo hesabu ya ghala. Watu wa Pwani hatushibi ugali, basi kila siku tulipikiwa wali, na mchele ukinunuliwa. Nyama ikanunuliwa. Sukari ikanunuliwa, maana twapenda chai tamu. Hapana mmoja wetu aliyeuliza fedha zatoka wapi.

Tulipokuwa njiani kurudi, mkaza mwanangu alikuwa kimya mno. Mwanangu alipomshika sana ndipo aliposema. Mama yake alikuwa ameuza magunia matatu ya mahindi kwa ajili yetu. Sasa fahamu, ndugu msomaji, maana ya jambo hili. Ufipa ni katika nchi zinazolisha Tanzania kwa mahindi. Mavuno hutoka mwezi wa tano hadi wa saba, na wakati huo, kila mtu akiwa na mahindi, bei huwa chini kabisa. Mkulima mwenye subira huweka akiba hadi miezi ya mvua, ghala za wengi zinapokuwa tupu, akauza kwa bei nzuri, akanunua mbolea, akalipa mahitaji ya shule. Anayelazimika kuuza mwezi wa sita amepata hasara. Sisi ndio tuliomlazimisha, kwa meno yetu, huku tukimshukuru.

Hapo niliikumbuka hadithi niliyoisikia tangu utotoni bila ya kuijali. Mtume (S.A.W.) ameiwekea karamu ya mgeni mpaka wa siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Tena amekataza mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhambi. Masahaba walipouliza vipi atamtia dhambini, wakaambiwa: ni kukaa kwake mpaka hana cha kumkirimu. Na wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa siku tisa hatukugusa hata mpini.

Hata fiqhi yatukumbusha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena ruhusa ya kupunguza Sala. Yaani sheria yamhesabu kuwa amekwisha kuwa mkaazi. Jee, mkaazi hulishwa na nani?

Kumrudishia fedha kama mtu alipaye deni la duka kungekuwa tusi. Tulimpelekea zawadi baada ya mwezi, tukiisingizia furaha ya watoto. Nadhani alifahamu, kwani ni mwanamke mwerevu, akatusitiri kwa kuipokea.

Basi nasaha yangu kwa wenye nyumba kubwa ni hii.

Kwanza, kabla ya kuuliza wapi kuzuri, uliza nani anakungoja. Ufuo wa bahari utakuwapo mwakani. Mama aliyezeeka huenda asiwepo.

Pili, mtu asihukumu nchi kwa uvumi. Ukisikia mtoto wako akisema "kule kuna wachawi", usicheke. Mkataze, maana baadaye ataoa au kuolewa huko.

Tatu, si lazima wende nyote. Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura ndiye aliyefuatana naye. Nasi siku hizi twapiga kura: wanne waenda Mpui mwaka huu, wengine mwakani, na hapana anayenung'unika.

Nne, chukua posho yako, tena mpe mwenyeji siku ya kwanza, si siku ya kuaga. Sisi twachukua mchele, sukari, nazi na tende. Ukitaka kukaa zaidi ya siku tatu, hamia nyumba ya wageni Sumbawanga, na kutoka huko wapeleke watoto kwa njia ya Matai wakaone maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Hivyo utakuwa umeunga jamaa na umestarehe, wala hukula akiba ya mtu.

Kutokwenda kwa jamaa ni kosa, na kwenda vibaya ni kosa jengine. Baina ya makosa hayo mawili iko njia, nayo si nyembamba kwa mwenye kuuliza kabla ya kufunga mizigo.

Likizo yakaribia tena. Jee, ndugu msomaji, katika jamaa zako ni nani ambaye jina la mji wake limekuwa kisingizio chako?

Wabillahi tawfiq.