Jembe la Baba ni la Warithi Wote

Ndugu zetu Waislamu, tulipokuwa Bukhayo, upande wa Busia, tulimkuta Mwislamu akiliondoa kutu jembe kuukuu la marehemu baba yake, kazi ya wahunzi wa Samia. Alilitia mpini mpya ili ampe mwanawe tunu. Tukamsifu, kwani Nabii Daudi, alayhi-s-salaam, alilainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu, akala kwa kazi ya mkono wake. Kisha tukamwuliza: “Dada zako wameridhia?” Akanyamaza. Enyi ndugu, Suratun-Nisaa imewapa wanaume na wanawake fungu katika kila kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi. Basi akawaendea dada zake, wakaridhia kwa furaha. Ndipo zawadi ikawa halali. Wallahu aalam.