Mwili Mmoja, Watu Wawili

Watoto wakizaliwa wameungana, je, ni halali daktari kuwatenganisha?

Kwanza tupambanue. Yuko pacha asiyekamilika: mara nyingi ni mkono au mguu tu, pasipo moyo wala ubongo, ulioshikamana na mwenzake na kuishi kwa damu yake. Kukata kiungo cha namna hiyo ni tiba. Mzazi wa Mgeta au Matombo, huko Uluguru, asione haya kumshusha mtoto hospitali mjini Morogoro. Wala asimfiche ndani, kama wafanyavyo wengine kwa kuogopa maneno ya majirani.

Lakini penye vichwa viwili vyenye uhai pana watu wawili. Mwaka 2000 mahakama ya Uingereza iliruhusu mapacha wa kike watenganishwe Manchester, ijapokuwa ilijulikana kwamba mmoja atakufa, na wazazi wao, Wakatoliki kutoka Malta, walikuwa wamekataa. Mmoja akafa, mwenzake akapona. Twafurahi kwa aliyepona. Hata hivyo hatuwezi kukubali kwamba yule wa pili alikuwa kiungo cha nduguye.

Kwetu Tanzania Maria na Consolata, waliozaliwa Ikonda, Makete, mwaka 1996 na kulelewa na masista, hawakutenganishwa. Walisoma hata wakafika Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, Iringa. Walipoulizwa, walijibu kwamba hawataki kutenganishwa. Mtoto mchanga hawezi kutoa jibu hilo. Wanaomjibia wawasemee wote wawili.

Walifariki tarehe 2 Juni 2018, wakazikwa Tosamaganga: jeneza moja, misalaba miwili.