Mtoaji Naye Anadaiwa

Tumezoea kusema kwamba mwenye deni ni yule aliyepokea. Yeye ndiye wa kushukuru, ndiye wa kuinamisha kichwa, na akisahau kidogo hukumbushwa. Mtoaji husimama mbele ya watu akapigiwa makofi, kisha akarudi kwake bila kudaiwa na mtu. Katika ukurasa huu nataka tulipime neno hilo. Je, ni kweli kwamba mtu atoaye kwa ajili ya watu wote hadaiwi kitu na wale anaowapa? Mimi naona anadaiwa, tena pengine deni lake ni zito kuliko letu sisi tunaopokea.

Sisemi juu ya msaada wa siri, wa mtu kumpelekea jirani yake debe la mahindi wakati wa njaa. Huo una taratibu zake. Nasema juu ya vile vitu vya watu wote ambavyo mtu mmoja au chama huvitolea fedha: kisima, darasa, bustani ya kupumzikia, kivuli na mabenchi karibu na kituo cha mabasi. Vyama vya kufanya kazi hizo vipo vingi. Vinavyojulikana zaidi ni Rotary na Lions, na vyote viwili vilizaliwa Chicago, Marekani: Rotary mwaka 1905 kwa wito wa mwanasheria mmoja, Paul Harris, na Lions mwaka 1917. Rotary ilifika Dar es Salaam mwaka 1949, na hapo Moshi pia wapo. Wanachama ni wafanyabiashara, waganga, wahasibu, mawakili. Hukutana, hula pamoja, huchangishana, huandaa mbio za miguu na chakula cha jioni chenye kiingilio, na kinachopatikana hukipeleka katika kazi za umma. Napenda kukumbuka kwamba kazi ya kwanza ya Rotary kwa ajili ya mji wao, mwaka 1907, ilikuwa kuhimiza vijengwe vyoo vya umma. Choo hakipendezi katika picha, lakini aliyewahi kukihitaji safarini anaijua thamani yake.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba chama kama hicho kinataka kuutengenezea mji wa Same bustani. Nia ni njema. Mji wetu umekaa chini ya milima, upande ambao mvua nyingi huishia juu kabla ya kutufikia, na msafiri ashukaye kwenye basi saa nane mchana hutafuta kivuli kama mtu atafutaye ndugu. Fedha zinachangwa, eneo linasafishwa, miche inapandwa, mabenchi ya saruji yanawekwa. Anakuja mgeni rasmi, utepe unakatwa, na kibao chenye jina la chama kinasimamishwa mahali pa kuonekana. Miaka miwili baadaye miche imekauka, mbuzi wamemaliza iliyobaki, na benchi moja limevunjika. Mwanachama mmoja anapita na gari lake, anatikisa kichwa, anasema, “Watu wa hapa hawana shukrani.”

Ni kweli hawana? Ngoja tuulize kidogo. Katika mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa shida ya maji, kabla ya mradi wa kuyaleta kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, nani alitarajiwa kubeba ndoo ya kumwagilia mche wa watu wote, huku nyumbani kwake ana ndoo mbili tu za kutwa? Aliambiwa? Na yule mama aliyekuwa akiuza tangawizi ya Mamba Miamba mahali pale pale, akaondolewa ili pawe pazuri, alionyeshwa pa kwenda? Kama hapana, basi hatuwezi kumdai shukrani. Kitu kilikuja juu yake kama mvua ya mawe, na hakuna aishukuruye mvua ya mawe kwa kuwa nayo ni maji.

Wazee wetu wa Upare walikuwa na utaratibu wao wa mambo ya wote, nao hata leo haujafa. Ni msaragambo. Pembe hupigwa, watu hujua kesho kuna kazi, na kila nyumba hutoa mtu wake na jembe lake. Kwa njia hiyo ilichimbwa mifereji na kujengwa ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Ndiva ya Manoo kule Bangalala, na nyingine katika bonde la Makanya, zimewafaa watu vizazi kwa vizazi katika nchi ambayo mvua haiaminiki. Kwa njia hiyo hiyo, baadaye, zilifanyika barabara, shule na zahanati. Mwenye udhuru huusema. Asiye na udhuru hutozwa, au zamu yake ya maji hungoja.

Nimeona watu wakiusifu msaragambo kana kwamba ni upendo mtupu. Si hivyo. Una kulazimishana ndani yake, na mkulima wa juu ya mfereji na yule wa chini wamegombana tangu zamani. Wala si kila mtu alikuwa na sauti sawa barazani. Wanawake walibeba mawe mengi na kusikilizwa kidogo. Lakini una jambo moja ambalo bustani yetu ya mfano haikuwa nalo. Kabla ya kazi, pembe ilipigwa, na kila aliyehusika aliisikia. Yule aliyetoka na jembe hakuwa mpokeaji. Alikuwa mwenyewe. Ndiva ikipasuka usiku, haulizwi mfadhili yuko wapi.

Haya si mambo ya majembe tu. Wapare waliyapima mambo haya mbele ya serikali ya kikoloni, katika kisa ambacho vijana wetu wengi hawakijui. Serikali ilipotaka kuanzisha kodi ya kupanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaiita kwa jina la zamani, mbiru, watu walikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same, wakakaa. Mgogoro ulikwenda hata 1947, na wanawake nao wakaingia. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe Mpare, aliuandikia kitabu mwaka 1971. Ukilitazama jambo lenyewe utashangaa: kwamba mwenye nacho atoe zaidi ni haki, wengi wetu tungesema hivyo. Wala watu wale hawakukataa kulipa kodi waliyoizoea. Walikataa kwamba mali ya mtu ikaguliwe na kukadiriwa na wengine, kwa kipimo ambacho yeye hakukielewa wala hakuulizwa juu yake. Jambo lenye haki ndani yake lilikuja kwa mlango usio wake.

Nataka tulitazame na jambo lililo karibu zaidi nasi, tena lenye uchungu, maana hapo ndipo swali langu linapopata uzito wake. Ukitoka mjini Same mwendo mfupi tu unafika lango la Zange, la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Pori hilo lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na wafugaji kadha waliokuwamo wakaruhusiwa kubaki. Miaka ilipopita, watu na mifugo wakaongezeka, na serikali ikaona nchi inaharibika. Kufikia 1988 wafugaji walikuwa wametolewa. Mwaka uliofuata walikuja wageni wenye bidii, akiwamo Tony Fitzjohn, na kwa miaka mingi fedha zilichangwa Uingereza, Marekani na kwingineko kwa ajili ya Mkomazi. Barabara zilifunguliwa, mbwa mwitu wakatunzwa, na mwaka 1997 faru weusi wakaletwa kwa ndege kutoka Afrika ya Kusini. Mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Wafugaji nao walikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu yake mwaka 1999, na malisho hawakurudishiwa.

Mimi sisemi kwamba faru wasingeletwa. Mnyama aliyekuwa amekwisha kutoweka pale leo anaonekana tena, na mtoto wa Same aweza kumwona; hilo ni jema, nami nalifurahia. Wala sisemi kwamba yule bibi wa Uingereza aliyetoa pauni tano zake alikuwa na moyo mbaya. Bila shaka alimpenda faru kweli. Lakini pauni zile tano zilikwenda mahali palipokuwa na watu, na picha aliyoonyeshwa haikuwa na watu. Je, hakudaiwa hata swali moja: kabla ya bustani hii kubwa ya wanyama, nani alikuwa akinywesha hapa ng'ombe wake, naye yuko wapi leo? Nadhani alidaiwa. Na waliomchangisha walidaiwa zaidi, kwa kuwa wao walijua.

Pengine mtu atanijibu kwamba nikidai kila mtoaji akae kwanza na kila mpokeaji, hakuna kitakachofanyika. Watu watakaa vikao mpaka jua lizame. Jibu hilo lina nguvu, na mfano wake mzuri ni ugonjwa wa kupooza, polio. Rotary ilianza kampeni yake ya dunia nzima mwaka 1985, na mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Nani angesema wangengoja pembe ipigwe katika kila kijiji? Lakini tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Matone yale hayakumwagwa kutoka angani. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakazungumza na mama mlangoni. Na mwaka 2003, kaskazini mwa Nigeria, watu waliposhuku nia ya watoaji, chanjo ilisimama katika majimbo kadha, ugonjwa ukasambaa upya hata nchi za mbali. Haikutosha dawa kuwa nzuri na kuwa bure. Ilibidi viongozi waliokuwa wakiaminiwa na watu wale waketi nao kwanza. Kumbe kikao kile kilichoonekana cha kupoteza muda kilikuwa sehemu ya dawa.

Sisi nasi tusijifanye watazamaji. Baada ya ibada tuna mnada wetu. Kuku wa mama mmoja ananunuliwa kwa bei ya kuku watatu, watu wanashangilia, mnunuzi anamrudisha auzwe tena, na kicheko kinaongezeka. Napenda furaha ile, siikatai. Ila habari ya mjane na senti zake mbili tunaijua sote, na bado sijaona mnada ambao aliyefagia kanisa wiki nzima anatajwa kwa sauti ile ile iliyomtaja mnunuzi. Tena hesabu: siku ya kuchanga tunatangaza kiasi mpaka senti ya mwisho, lakini miezi sita baadaye, mabati yakiwa bado dukani, sauti hushuka. Aliyechangisha anadaiwa hesabu na aliyetoa shilingi mia sawasawa na aliyetoa laki.

Juu ya kile kibao chenye jina sina ugomvi mkubwa kama wengine walio nao. Wako wanaosema jina likiandikwa, tendo limekwisha kuharibika. Mimi nasema inategemea limeandikwa kwa sababu gani. Jina laweza kuwa la kujisifu, na laweza kuwa la kujifunga: sisi tuliofanya kazi hii ni hawa, fedha zilikuwa kiasi hiki, pampu ikiharibika mwulizeni fulani. Kibao cha namna hii ya pili ningependa kukiona kwenye kila kisima na kila bustani. Kingekuwa kama hati ya deni ambayo mtoaji mwenyewe ameitia sahihi mbele ya watu. Nashuku vibao vingine vingeondolewa upesi.

Basi kikija chama, au wakijitokeza wetu wenyewe walioko Dar es Salaam wakataka kuukumbuka mji wa nyumbani kwa bustani ya kivuli, tuwapokee vizuri. Tuwaambie mwarobaini unastahimili ukame kuliko maua. Tuwaonyeshe wauzaji walioko pale, mmoja mmoja, kwa majina, na kuwauliza mbele yao kama mti uwe upande huu au ule. Huenda mwuza tangawizi akakubali kumwagilia mti ambao kivuli chake kitaangukia meza yake. Tukubaliane nani atashika ufunguo wa bomba na nani atalipa ankara ya maji. Vuli ikija vizuri huanza Oktoba au Novemba, na huo ndio wakati wa kupanda. Mazungumzo hayo, basi, yaanze Agosti.