Yamkini na Yakini

Yamkini na yakini ni maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana. La kwanza husemwa na mtu aonaye kuwa jambo laweza kuwa. La pili husemwa na mtu aliyekwisha kujua kuwa jambo ndivyo lilivyo. Herufi moja tu huyatenga, lakini umbali wa maana zake hauvukwi ila kwa ushahidi. Je, yampasa nini mtu aliyeshika kazi ya kuwaonyesha wengine mambo ambayo hawawezi kuyapima wenyewe?

Swali hili limeandama kazi ya Simcha Jacobovici, mtengenezaji wa filamu za hali halisi wa Kanada, aliyezaliwa Israeli mwaka 1953. Filamu yake ya mwaka 1983 ilihusu mateso ya Mayahudi wa Ethiopia. Humo kamera iliwaelekea watu walio hai, nao wenye uhai huweza kumkanusha amsimuliaye vibaya. Baadaye aliigeukia elimu ya mambo ya kale ya nchi za Biblia, na mashahidi wake wakawa mawe. Jiwe halikanushi neno.

Mwaka 1980 wajenzi katika mtaa wa Talpiot, Jerusalem, walifumua kaburi la kale. Ndani yake yalikutwa masanduku 10 ya mawe ya kuwekea mifupa, na 6 kati yake yalikuwa na maandishi. Moja lilisomwa, kwa shida, Yeshua mwana wa Yehosef. Jingine lilisomwa Maria. Mwaka 2007 filamu ya Jacobovici, ambayo James Cameron alikuwa mmoja wa wasimamizi wake, ilileta hoja kuwa hilo lilikuwa kaburi la Yesu wa Nazareti na jamaa zake. Hoja hiyo iligusa imani ya mamilioni ya watu wanaoamini ufufuo, wala haikuwa ya mchezo.

Wataalamu wengi waliikataa. Majina hayo yalikuwa ya kawaida katika zama zile: aokotaye barua ya Juma bin Ali mjini Unguja hawezi kujua kwa jina tu ni Juma yupi. Uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa wawili kati ya waliozikwa humo hawakuwa wa ukoo mmoja kwa upande wa mama, na filamu ikaelekea kusema kuwa huenda walikuwa mume na mke. Lakini watu wasiochangia mama hawana idadi duniani, wala hawakuoana wote.

Hata hivyo, haki hutaka pande zote mbili zisikilizwe. Taarifa kamili ya kaburi lile, iliyoandikwa na Amos Kloner, ilitolewa mwaka 1996, miaka 16 baada ya ugunduzi, nayo ilisomwa na wachache. Elimu iliyofungiwa ghalani ni mbegu isiyoota. Mtengenezaji wa filamu aliufungua mlango huo kwa umma, na kuuliza kwake hakukuwa kosa.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Kalamu huweza kuweka neno huenda mbele ya kila sentensi. Picha haina neno hilo. Waigizaji wavikwapo mavazi ya kale wakapita mbele ya macho, msimulizi hata akisema labda, jicho hushuhudia ndiyo. Mwaka 2012 filamu yake nyingine ilionyesha mchoro uliokutwa katika kaburi la jirani. Yeye aliona samaki akimtapika Yona. Wataalamu kadhaa waliona chombo mfano wa mtungi. Mstari ulikuwa ule ule, na kila mmoja aliusoma kwa matumaini yake.

Kwa hiyo wajibu wa mwonyeshaji ni mkubwa kuliko wa mwandishi, kwa kuwa chombo chake kina nguvu zaidi ya kushawishi. Yampasa kulipa pingamizi nafasi na mwanga ule ule alioupa dai lake. Msomi naye hana haki ya kumlaumu ikiwa yeye mwenyewe amenyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapana mkulima avunaye mawingu. Huyatazama, hutayarisha jembe, na hungoja. Wala hawaambii jirani zake kuwa shamba limekwisha lowa.